Fahamu: Kwa nini vijana wa Louisiana walipelekwa gereza la Angola

Mwaka 2022, baada ya vijana kutoroka mara kadhaa katika kituo cha kurekebishia vijana cha Bridge City, karibu na New Orleans, Gavana John Bel Edwards wa Louisiana, Marekani, aliamua baadhi yao wahamishiwe Angola. Hilo ni gereza la watu wazima lililo mahali palipokuwa shamba la watumwa. Jengo walilopewa liliwahi kuwaweka waliohukumiwa kifo.

Vijana hawa hawakuhukumiwa kama watu wazima. Mahakama za watoto ziliwapeleka kurekebishwa, na hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo. Serikali iliahidi kuwatenga na wafungwa wazima, kuwasomesha na kuwapa ushauri nasaha. Jaji wa shirikisho Shelly Dick, aliyesikiliza kesi ya kupinga uhamisho huo, akaukubali kwa shingo upande.

Septemba 2023, jaji huyohuyo aliamuru waondolewe. Ushahidi ulionyesha walifungiwa peke yao selini kama adhabu, wakapuliziwa dawa ya kuwasha macho, na masomo yakawa haba. Wengi walikuwa weusi.

Walihamishwa. Lakini Aprili 2024, Louisiana ilianza, kwa sheria mpya, kuwashtaki wenye miaka 17 kama watu wazima.