Madhabahu Yalikuwa Nje

Ukitaka kuielewa dini ya Wagiriki wa kale, usianzie ndani ya hekalu. Hekalu lilikuwa nyumba ya mungu: mlikaa sanamu yake pamoja na vitu alivyotolewa kwa nadhiri. Waumini hawakujaa humo kusali. Madhabahu yalikuwa nje, uwanjani, na ibada kuu ilikuwa kuchinja.

Tumfuate ng'ombe mmoja wa Athens, karne ya 5 KK. Anapelekwa kwa maandamano, amevishwa mashada. Binti wa ukoo mzuri anatangulia na kikapu kichwani. Juu mna shayiri, chini yake kisu. Watu wananawa mikono, mnyama ananyunyiziwa maji, dua inaombwa, shayiri inarushwa. Anapochinjwa, wanawake wanapiga vigelegele. Damu inamwagwa juu ya madhabahu. Maini, moyo na figo huchomwa kwenye mishikaki na kuliwa papo hapo. Nyama nyingine huchemshwa na kugawiwa watu, ambao wengi wao hawakuonja ng'ombe mpaka sikukuu.

Na mungu je? Huyo alichomewa mifupa ya mapaja iliyofunikwa mafuta, akaachiwa moshi. Wagiriki wenyewe waliuona mgao huu kuwa wa ajabu. Mshairi Hesiod anasimulia jinsi Prometheus mjanja alivyoificha mifupa ndani ya mafuta yanayong'aa ili Zeus, mkuu wa miungu, aichague, ingawa anaharakisha kutuambia kwamba Zeus aliitambua hila. Dini inayojisimulia hivyo bila haya, kwa maoni yangu, ilijiamini sana.

Kitabu kitakatifu hawakuwa nacho, wala kanuni ya imani ya kukariri. Kuhani hakuwa mchungaji wa roho za watu; alisimamia ibada ya mungu fulani, na mara nyingi ujira wake ulikuwa ngozi na mguu wa mnyama. Katika sikukuu za dola, ngozi zilikuwa fedha: miaka ya 330 KK Athens ilichonga kwenye jiwe hesabu ya mauzo yake.

Basi mtu aliaminije? Jirani zake walitazama anachofanya. Mwaka 399 KK, mwanafalsafa Socrates alishtakiwa kwamba haitambui miungu ya mji, akahukumiwa kifo. Mwanafunzi wake Xenophon, alipomtetea baadaye, hakuanza na mafundisho ya mwalimu wake kuhusu miungu. Alisema kwamba Socrates alionekana mara nyingi akitoa kafara nyumbani kwake na kwenye madhabahu ya mji.