Umeweka diski mpya kwenye laptopu ya zamani? Usilipie Windows mara ya pili

Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G2, mtumba niliyoinunua nikiwa chuo. Diski yake ilipoanza kugonga tik-tik-tik, niliipeleka kwa fundi aitoe aweke SSD. Haikuchukua hata saa moja. Bili ikaja na vitu vitatu: SSD, ufundi, na "leseni ya Windows" shilingi 30,000.

Nikalipa. Leo nisingelipa.

Kompyuta nyingi za kampuni kubwa zilizotoka na Windows 8 na kuendelea zina namba ya leseni iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, siyo kwenye diski. Na kama Windows 10 halali iliwahi kuthibitishwa kwenye mashine yako, Microsoft wanaitambua kwa ubao huohuo. Kwa hiyo diski ikibadilishwa, leseni inabaki. Unachofanya ni kuweka toleo lilelile (kama lilikuwa Pro, chagua Pro, Home ni Home), ukiombwa namba unasema huna, unaendelea. Ukishaunga intaneti inajithibitisha yenyewe. Isipokuwa kama uliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya kuchakachua, hapo hakuna cha kurudishiwa.

Ndiyo maana kabla fundi hajashika bisibisi, ingia kwenye mipangilio ya Windows uangalie inasema imethibitishwa, na ni toleo gani. Piga picha.

Sasa hiyo "leseni" ya elfu thelathini mara nyingi ni nini? Ni kiprogramu cha kuchakachua, kile ambacho kabla ya kukifungua unaambiwa uzime kwanza antivirusi. Hapo tu ungeshtuka. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa mitandao ya Red Canary ilieleza jinsi faili bandia za KMSPico, moja ya programu hizo, zilivyokuwa zinabeba kirusi cha kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali.

Kazi yenyewe unaiweza. Tafuta flashi isiyopungua GB 8, isiyo na kitu unachokihitaji maana itafutwa yote. Kwenye kompyuta nyingine, ingia tovuti ya Microsoft, pakua programu yao ya kutengeneza flashi ya Windows. Ni bure. Ichomeke kwenye laptopu yako, washa huku unabonyeza F9 mfululizo kama ni HP. ThinkPad na Dell ni F12. Chagua flashi.

SSD mpya itaonekana kama nafasi tupu ambayo haijagawanywa. Ichague, endelea. Isipoonekana, usihangaike na programu: ingia BIOS (F10 kwenye HP) uangalie kama ipo. Kama haipo na huko pia, inawezekana haijakaa vizuri kwenye tundu lake, ifunguliwe tena.

Ukimaliza unaweza kukuta Wi-Fi haipo kabisa. Usiogope, ni draiva tu. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na laptopu itapata mtandao hapohapo. Ila angalia bando lako! Windows mpya ikishaona intaneti inaanza kushusha masasisho ya GB kadhaa. Ikishapata draiva na kuthibitishwa, ingia mipangilio uweke alama kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, umalizie kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni.

Kuna swali gumu kidogo hapa. Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo EliteBook yangu ya kizazi cha 5 imeachwa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft waliweka mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026 ambao lazima ujiunge. Mimi nilihamia Linux Mint. Ni bure, inatosheka na RAM ya GB 4, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Lakini kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, sikushauri.

Mwisho, diski ya zamani. Ni yako, ondoka nayo. Inunulie kasha la USB, uhamishe mafaili, na kama inagonga kama yangu, anza na yale ambayo huwezi kuyapata tena, kwa sababu inaweza kufa katikati.

Mimi niliisahau kwa fundi, ikiwa na utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Niliporudi siku ya tatu alinitolea boksi lenye diski kama kumi hivi, zote bila jina. Tukawa tunachomeka moja moja. Vyeti vya watu, picha za harusi, CV, nakala za vitambulisho, zote zikafunguka bila hata kuulizwa nywila. Yangu ilikuwa ya saba. Tuliitambua kwa mlio.