Samaki wa nyanda za chai wahitaji chokaa na subira

MKULIMA wa Kericho au Bomet anayetaka kuchimba kidimbwi cha samaki kwa pesa za bonasi ya majani chai anafaa kujua jambo moja kabla ya kushika jembe: hali zile zile zinazostawisha chai shambani mwake ndizo zinazomtatiza samaki.

Mchai hupenda udongo wenye asidi na hali ya hewa isiyo na joto kali. Tilapia, ambaye ndiye samaki anayefugwa zaidi nchini, hupenda maji vuguvugu yasiyo na asidi nyingi. Anayelipuuza hilo huishia kununua chakula mwezi baada ya mwezi ilhali samaki wake hawanenepi.

Ufugaji wa samaki ulipata msukumo mkubwa mwaka wa 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Hata hivyo, msaada wa vifaranga na chakula ulipokwisha, vidimbwi vingi viliachwa. Ilibainika kuwa kuchimba shimo na kulijaza maji ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuyatunza maji yenyewe.

Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Nambari 7 ni ya maji yasiyoelemea upande wowote, na kadiri nambari inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Mchai hustawi katika udongo wa kati ya 4.5 na 5.6, ilhali tilapia hukua vyema katika maji ya kati ya 6.5 na 9.

Kidimbwi kilichochimbwa katika udongo wa chai hurithi asidi hiyo, na maji yake hukataa kugeuka kijani hata yakitiwa samadi. Rangi hiyo ya kijani hutokana na vijimea vidogo mno ambavyo ni chakula cha bure kwa tilapia. Visipoota, mkulima hulazimika kununua kila tonge.

Tiba yake ni chokaa ya kilimo. Hunyunyizwa sakafuni na kandokando mwa kidimbwi kabla ya maji kuingizwa, kwa kadiri ya kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100. Udongo wenye asidi kali huhitaji zaidi, hivyo ni busara kuupima kwanza. Baada ya majuma mawili hivi, samadi inaweza kutiwa.

Chokaa ya kujengea isitiwe kamwe katika kidimbwi chenye samaki, kwa kuwa hubadilisha maji ghafla na inaweza kuwaua. Aidha, chokaa ya aina yoyote isimwagwe penye michai, kwani itaharibu udongo inaoupenda.

Kujua kama maji yameiva hakuhitaji mtambo. Tumbukiza mkono ukiwa umenyooka hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yanapofika kiwikoni, chakula kinatosha. Ukikiona waziwazi, ongeza samadi. Kikipotea mapema mno, acha kuitia.

Tatizo la pili ni baridi. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tilapia hukua upesi maji yakiwa na nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20, hamu yake ya kula hupungua, na karibu na 16 huacha kula kabisa. Chakula kinachotupwa wakati huo huzama, huoza na kuchafua maji.

Kosa la kawaida ni kuelekeza kijito kipite kidimbwini mchana na usiku, kwa imani kwamba maji yanayotembea ni safi zaidi. Kwa tilapia, kijito hicho huleta baridi na kuondoka na mbolea. Maji yaongezwe tu kufidia yaliyopungua. Kidimbwi nacho kichimbwe mahali penye jua kutwa, mbali na kivuli cha mikaratusi, na kina chake kifikie mita moja au zaidi upande wa chini ili joto la mchana lisipotee lote usiku.

Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa hafifu, na maji vilevile hushika oksijeni kidogo kuliko ya pwani yenye joto sawa na hilo. Hupungua zaidi alfajiri, kwa sababu vijimea vya kijani huitumia usiku kucha. Samaki wakionekana wakihemea juu ya maji asubuhi, usiwape chakula wala samadi siku hiyo, na uingize maji mapya mara moja.

Vifaranga wa kiume pekee ndio wafaao, kwani jike na dume wakichanganywa huzaana na kujaza kidimbwi samaki wadogo. Wawili au watatu kwa mita mraba wanatosha. Wanapofika, mfuko wao uelee kidimbwini kwa dakika 15 hadi 30, kisha maji ya kidimbwi yaingizwe polepole kabla ya kuwaachilia, la sivyo mabadiliko ya ghafla yatawadhuru.

Mwenye chemchemi baridi isiyokauka anaweza kumfikiria trauti, samaki aliyeletwa katika mito ya Kenya mwaka wa 1905. Yeye hutaka baridi na maji yanayotiririka. Hata hivyo, chakula chake ni ghali na hastahimili uchafu.

Katika maeneo yenye joto, tilapia hufikia kiwango cha kuuzwa kwa miezi sita hadi minane. Nyanda za chai mkulima apange gharama ya chakula ya mwaka mzima, na aanze na kidimbwi kimoja. Pesa zikiisha katika mwezi wa nane, atalazimika kuvua samaki wadogo wasio na mnunuzi, na bonasi ya mwaka mzima itakuwa imezama humo.