UZEE WA SARAFU SIO BEI YAKE

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mpenzi msomaji, marehemu babu aliniachia sarafu ya senti kumi ya mwaka wa 1942, yenye tundu katikati. Karo iliponilemea muhula wa kwanza nilijiambia, "Hii ni kuukuu, lazima itanilipia karo!" Mwalimu wetu wa Historia alicheka, akaniazima kitabu cha sarafu za Uingereza za enzi za kati. Wacha niwaeleze niliyoyapata humo.

Zamani hizo hapakuwa na mashine. Fundi aliweka kipande chembamba cha fedha juu ya mhuri wa chuma, akaweka mhuri mwingine juu yake, kisha akagonga kwa nyundo. Ndiyo maana huitwa sarafu za nyundo. Iliyotumika sana ni peni. Peni 12 zilihesabiwa kuwa shilingi moja, na peni 240 pauni moja. Naam, jina la shilingi yetu lilitoka huko huko!

Sasa tuje kwenye bei. Mwaka wa 1279 Mfalme Edward wa Kwanza alianza kutoa peni mpya za fedha. Zina zaidi ya miaka 700, lakini ya kawaida hupatikana kwa pauni 30 hivi, yaani kama shilingi elfu tano za Kenya. Mbona rahisi hivyo? Kwa sababu zilipigwa mamilioni, na watu wengi walizifukia ardhini kuficha mali yao. Hadi leo zingali zinafukuliwa.

Tazama upande wa pili. Mwaka wa 1257 Mfalme Henry wa Tatu alitoa peni ya dhahabu, akasema ni sawa na peni 20 za fedha. Kumbe dhahabu yenyewe ilizidi thamani hiyo! Watu wakaziyeyusha. Zinazojulikana leo hazifiki kumi. Moja iliokotwa shambani huko Devon mwaka wa 2021, ikapigwa mnada London Januari 2022. Bei ilifika pauni 540,000. Mnunuzi akaongezewa ada ya mnada, asilimia 20, jumla pauni 648,000. Hizo ni karibu shilingi milioni mia moja!

Sarafu hizi mbili zimepishana miaka 22 tu. Basi kinachopandisha bei si uzee, ni uchache. Pia huangaliwa madini na hali yake: je, maandishi yanasomeka? Kingo hazijakatwa? Zamani walaghai walikata kingo ili waibe fedha kidogo kidogo.

Anayetaka kukusanya ajihadhari na sarafu bandia. Peni halisi ya Edward ina uzito wa gramu 1.4 hivi, kwa hivyo mizani ni rafiki yako. Nunua kwa muuzaji atakayekubali kukurudishia pesa ikigunduliwa ni bandia. Ukikimbilia ya bei ya chini mno, utakumbuka methali isemayo, rahisi ghali.

Na senti kumi ya babu je? Lakini wapi! Zilipigwa nyingi mno, haiwezi kulipa hata karo ya wiki moja. Mama angali analipa karo yangu kidogo kidogo kwa kuuza mboga sokoni. Sarafu nimeihifadhi kwenye kibweta cha vifaa vya hesabu, kwani kwangu mimi ni moja tu. Haba na haba hujaza kibaba.