Kahawa, supu na tizi: Dabi ya Kariakoo inavyopikwa mtaani

UWANJA wa Benjamin Mkapa unaingiza mashabiki 60,000. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu 5,383,728. Piga hesabu mwenyewe. Siku ya dabi, hata uwanja ukifurika mpaka ngazini, kwa kila mmoja aliyepata kiti kuna karibu tisini waliobaki nje.

Kweli, kwenye hao tisini wamo watoto wachanga na wamo wasiojali mpira, ingawa hao wa mwisho kuwapata Dar ni kazi. Waliobaki wana dabi yao. Inaanza alfajiri kwenye supu, inapita kwenye vyuma na mbio za pole, inakaa kutwa kijiweni kwenye kahawa, na usiku inaishia kibanda umiza. Ni dabi yenye fedha yake, wafanyakazi wake na hasara zake, na hizo hasara haziandikwi kwenye ripoti ya mwamuzi.

Anzia Kariakoo, kwa sababu hapo ndipo mzizi ulipo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, wenzao wakafuata 1936. Leo jengo la Yanga lipo kwenye makutano ya Twiga na Jangwani, la Simba lipo Mtaa wa Msimbazi, na kutoka moja hadi jingine unatembea kwa miguu bila kutoka jasho la maana. Katikati ya majengo hayo mawili kuna maduka ya vitambaa, spea, simu, na kila baada ya hatua chache, benchi la mbao, jiko la mkaa na birika.

Hicho ndicho kijiwe. Kahawa yake ni chungu, haina sukari wala maziwa, inamiminwa kwenye kikombe kidogo cha kauri kisicho na mkono. Ukiona inakushinda, unatafuna kashata ya karanga au ya nazi, unarudi tena. Muuzaji wa kutembea hana haja ya kupiga kelele, anagonganisha vikombe tu na mtaa mzima unajua kafika.

Kwenye benchi hilo kuna drafti, kuna gazeti moja linalosomwa na watu kumi, na kuna kumbukumbu ambazo hakuna ofisi ya klabu inayozitunza vizuri kuliko hapo. Mzee wa Yanga atakukumbusha 5-0 ya mwaka 1968, wakati mtani alikuwa bado anaitwa Sunderland (jina la Simba lilikuja 1971). Mzee wa Simba atakunywa funda moja taratibu, kisha atatamka mwaka tu: 1977. Maana yake ni 6-0, na Abdallah Kibadeni mabao matatu peke yake. Vijana nao wana zao. Wa Msimbazi wana 5-0 ya Mei 2012, siku ambayo hata kipa Juma Kaseja alifunga kwa penalti, na siku ambayo Patrick Mafisango naye alifunga, kisha siku kumi na moja baadaye akafariki kwa ajali ya gari. Wa Jangwani wana 5-1 ya Novemba 5, 2023, Max Nzengeli mara mbili. Wakifika hapo kahawa huwa imepoa, na mtu lazima aagize nyingine.

Sheria ya kijiwe ni nyepesi: aliyefungwa ananunua. Hakuna aliyeiandika na hakuna anayeikwepa, maana ukiikwepa leo, kesho utakaa wapi?

Supu kabla ya jua

Lakini kahawa ni ya waliokwisha kula. Dar ya alfajiri ni ya supu. Ng'ombe wanachinjwa Vingunguti usiku, na kabla jua halijachomoza sufuria za Ilala, Magomeni, Temeke na Kariakoo zinatoa moshi. Kuna supu ya nyama, kuna utumbo, kuna makongoro yaliyochemka mpaka mfupa unaachia wenyewe. Chapati mbili, ndimu, pilipili ya kuponda, chumvi unajiongezea. Asiye na uwezo wa supu anachukua chai ya rangi na vitumbua, au mihogo ya kukaanga. Jioni meza inabadilika, inakuja supu ya pweza, ambayo wanaume huinywa wamesimama, haraka haraka, kila mmoja akijua mwenzake amefuata nini.

Ukanda wa Keko, Chang'ombe na Temeke, ulio jirani na Mkapa na Uwanja wa Uhuru, unaishi kwa ratiba ya ligi. Mama lishe wa pale anaisoma ratiba ya Bodi ya Ligi kwa makini kuliko baadhi ya viongozi wa klabu. Mechi ya timu ndogo saa 10 jioni, anapika kidogo. Mechi ya Afrika saa 1 usiku, anaongeza mchele, kuku na viazi vya chipsi, na anamwita ndugu wa kumsaidia kuosha vyombo. Dabi ikija, anakopa.

Anakopa kwa sababu mtaji wa siku ya kawaida hautoshi. Wengi wao hawana jokofu la kuhifadhia nyama, wananunua asubuhi na wanapaswa kuuza usiku huohuo. Faida inatoka kwenye sahani ya mwisho mwisho, zile za mwanzo zinarudisha hela ya mkaa, mafuta na mchele.

Sasa rudi Machi 8, 2025. Dabi ilikuwa usiku. Simba walitangaza hawatacheza, wakidai walizuiwa kufanya mazoezi Mkapa usiku uliotangulia, na siku ileile ya mchezo Bodi ya Ligi ikaahirisha. Wengine walikuwa wameshatoka mikoani na tiketi mkononi. Nchi nzima ilibishana kuhusu kanuni, pointi na nani ana haki. Mchezo ulikuja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa, na hoja ikafa kifo cha kawaida cha hoja za soka.

Ila viazi vilivyomenywa Machi 8 havikungoja Juni. Mashabiki wanarudishiwa au hawarudishiwi tiketi, klabu zinaandikiana barua, mfanyabiashara wa sahani hana pa kuandikia barua. Na hili halitajwi popote pale vikao vya kuhamisha mechi vinapofanyika, ni kama chakula cha uwanjani hujipika chenyewe.

Miezi miwili baadaye ikatokea nyingine. Simba waliingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, na mechi ya marudiano ya Mei 25 ikachezwa Amaan, Zanzibar, badala ya Mkapa. Matokeo yalikuwa 1-1 na kombe likaenda Morocco, kwa kuwa kule Berkane ilikuwa 2-0. Meli zilivuka zimejaa fulana nyekundu. Wenye urojo na mishikaki wa Unguja walipata siku yao, na ni halali yao, ila Temeke walibaki na masufuria makubwa na mtaa mtupu.

Vyuma vya saruji

Upande wa pili wa hadithi ni mwili wa shabiki mwenyewe. Dar ina jimu za aina mbili, na umbali kati yake ni mkubwa kuliko ule wa Masaki na Mbagala.

Za kwanza zipo Masaki, Mikocheni na Oysterbay. Kiyoyozi, vioo ukuta mzima, mashine za kukimbilia zenye skrini, mwalimu wa yoga, mwalimu wa kudansi, ada ya mwezi. Ni nzuri, hakuna ubishi. Unatoka umepata jasho bila kupata vumbi.

Za pili zipo nyuma ya nyumba Manzese, Tandika, Mbagala na Kigogo. Paa la bati au mwembe. Vyuma ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, benchi limechongwa na fundi wa mtaa, na kioo kipo kimoja kilichopasuka. Analipa mwenye nacho, siku akikosa anafagia. Ndani utakuta bondia, mlinzi wa usiku, kondakta na beki wa timu ya ndondo, wote wanapiga tizi kwenye vyuma vilevile. Jimu hizi zina kasoro zake, na kubwa ni kukosa mtu wa kumwambia kijana kwamba mgongo haubebi hivyo. Majeraha mengi ya wachezaji wa mchangani yanaanzia pale, kwa pupa ya kuongeza kopo kabla ya wakati. Hapo ndipo klabu kubwa, zenye walimu wa viungo wanaolipwa, zingeweza kusaidia kwa Jumamosi moja tu ya mafunzo kwa mwezi.

Wasiotaka vyuma wanakimbia. Alfajiri ya Jumapili, Temeke na Kinondoni, barabara ni za vikundi vya jogingi. Fulana za rangi moja, filimbi, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia, mama wa miaka hamsini yumo mstari wa mbele. Vikundi hivi ni zaidi ya mazoezi. Vina daftari la michango, vinazikana, vinachangiana harusi na hospitali. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe Machi 2022, wengi wamelifanya kituo, kwa upepo wa bahari na kilomita yake moja iliyonyooka. Wengine wanaishia Coco Beach, ambako mihogo ya kuchoma inawasubiri na kazi yote ya asubuhi inarudishwa tumboni kwa pilipili na kachumbari. Viwanja vya Leaders, Kinondoni, navyo vina maveterani wanaocheza kwa heshima ya majina yao ya zamani, pumzi zikiwa zimekwisha kuwasaliti.

Zamani wachezaji wenyewe walikuwa sehemu ya mtaa huu. Nyota alikaa kwenye jengo la klabu, akashuka chini, akanywa chai na aliyemzomea jana. Leo Simba wana uwanja wao wa mazoezi Bunju, Yanga wapo Avic Town, Kigamboni. Chakula kinapangwa na mtaalamu, chipsi mayai ni mwiko, na ni sawa kabisa: timu inayofika fainali ya Afrika, kama Yanga walivyofika mwaka 2023 wakaikosa kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger, haiwezi kuendeshwa kwa zege la usiku. Lakini Kariakoo imebaki na majengo, wenye majina wamehama, na mtoto wa Gerezani anamwona mshambuliaji wake kwenye simu, kama anavyomwona wa Ulaya. Mbwana Samatta alianzia Mbagala Market kabla ya Simba, TP Mazembe, Genk na Aston Villa. Wadogo zake wa Mbagala wa leo wanapaswa kupanda daladala ngapi ili wamwone mchezaji mkubwa akifunga kamba za viatu?

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Fainali za Mataifa ya Afrika. Mashindano ya ngazi hiyo huja na uzio mpana kuzunguka uwanja, wadhamini wenye haki ya kuuza vinywaji, na orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Mama lishe wa Chang'ombe hayumo kwenye orodha yoyote mpaka sasa isipokuwa ile ya wadaiwa wa mkopo wake. Manispaa ya Temeke na TFF wana muda wa kumtengea meza, maji na bomba la taka ndani ya eneo linalopitwa na watu. Akisukumwa mita mia tano pembeni, hata mchezo ukijaza viti vyote 60,000, atarudi na wali wake nyumbani.

Na usiku wa dabi wenyewe? Wenye nafasi wanakaa migahawa ya Sinza na Mikocheni, skrini kubwa, kuku nusu, soda baridi. Wengine wanajibana kibanda umiza: mabati juu, mabenchi chini, kiingilio kidogo mlangoni, joto la kupikia mkate. Jina hilo la kuumiza halikutoka bure. Upande mmoja wekundu, upande wa pili kijani na njano, na katikati mtu mwenye presha aliyeapa tangu msimu uliopita kwamba hatatazama tena, naye kafika mapema kuliko wote.

Filimbi ya mwisho ikilia, muuza kahawa wa kutembea hana timu. Akikuta Msimbazi kimya, anabeba birika lake na vikombe vyake, anavuka kwenda Jangwani.