Ziwa lililo jirani: Siku tulipompeleka Mama Duluti

Katika nyumba yetu ya Arusha, vijana wa kiume walikuwa wakienda Ziwa Duluti kila likizo na kurejea jioni wakiwa na tope viatuni na hadithi mdomoni. Mama yetu alizisikia hadithi hizo kwa zaidi ya miaka ishirini. Amewalea watoto sita umbali wa safari fupi tu ya daladala kutoka ziwani hapo, lakini hadi mwaka huu, akiwa na umri wa miaka 64, hakuwa amelitia machoni.

Jambo hilo halikutusumbua hata mara moja, mpaka daktari alipomweleza kuwa ana kisukari na kumshauri atembee nusu saa, walau siku tano kwa wiki. Tuliporudi nyumbani tulimuuliza atatembea wapi. Barabara ya mtaa wetu imejaa bodaboda na vumbi, na uwanja wa mpira umetwaliwa na vijana. Mama akajibu kwa upole wake kwamba atakuwa anazunguka uani. Jibu hilo lilitutia haya. Tukakubaliana kwamba Jumamosi itakayofuata tutamtoa, pamoja na wajukuu, twende naye Duluti.

Kwa nini Duluti

Si kila ziwa linafaa kwa kila familia. Ziwa Chala, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya upande wa mashariki wa Kilimanjaro, ni zuri mno kulitazama, lakini kingo zake ni genge, na mwenye magoti mabovu hawezi kuteremka hadi majini. Ziwa Babati lina viboko, na kiboko si mnyama wa kusogelewa na watoto. Duluti ni ziwa dogo la volkano, lenye eneo la takriban hekta 60, lililozungukwa na msitu uliohifadhiwa. Njia ya miguu inalizunguka lote chini ya kivuli cha miti, na mwendo wa taratibu hukamilisha mzunguko kwa saa moja hadi moja na nusu.

Kulifikia hakuna taabu. Kutoka Arusha mjini hupandwa daladala za Tengeru katika barabara kuu ya Moshi, umbali wa kilomita 13 hivi. Ukishuka Tengeru, unaelekea kusini mwa barabara kwa mwendo mfupi hadi kwenye lango la hifadhi. Hapo hulipwa kiingilio. Ni vyema kuulizia kiwango kabla ya safari, hususan kwa familia kubwa. Siku za Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru hufurika watu, kwa hiyo ni busara kuwahi.

Mwendo wa Bibi

Tulifika saa tatu asubuhi, jua likiwa bado pole. Tulikuwa watu tisa. Vijana walitaka kutangulia kama walivyozoea, lakini siku hiyo tulikwisha kuafikiana kwamba Bibi atakuwa mbele na sote tutafuata mwendo wake. Uamuzi huo mdogo ndio ulioibadili safari nzima. Waliokuwa wakimaliza mzunguko mbio mbio bila kuona kitu, safari hii walilazimika kusimama kila Bibi aliposimama.

Na Bibi alisimama mara nyingi. Alisimama kumtazama kenge aliyejinyoosha juu ya gogo lililolala majini, na mnandi mweusi aliyetandaza mbawa zake azikaushe. Kima walipovuka tawi kwa tawi juu ya vichwa vyetu, alifunga mfuko wa maandazi kwa haraka. Mjukuu wake mmoja akamwonyesha mdiria aliyekaa kwenye tete. Bibi akamwambia kwamba ndege wa namna hiyo walikuwapo kwenye mto wa kijijini kwao alipokuwa msichana akienda kuchota maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia habari za mto huo.

Njia yenyewe ni ya udongo na kwa sehemu kubwa ni tambarare, ila mizizi hujitokeza hapa na pale, na baada ya mvua za masika huteleza. Mama alivaa viatu vya kufunika vidole, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuumia mguu asihisi, na jeraha dogo likawa kubwa. Tulipofika nyumbani tulimkagua nyayo zote mbili. Alikuwa amekula kabla ya kutoka na amemeza dawa zake kama alivyoelekezwa, na tulichukua maji ya kunywa na tende. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuona kizunguzungu, aketi mara moja na apewe kitu kitamu.

Maji hayana mwenyeji

Karibu na nusu ya mzunguko tulipata funzo ambalo hatutalisahau. Tulikuwa tumeketi kupumzika, kila mmoja akiamini kuwa mwingine anamwangalia mtoto mdogo kuliko wote, mwenye miaka minne. Kumbe hapakuwa na aliyemwangalia. Tulimwona akiwa hatua mbili tu kutoka ukingoni, akinyoosha mkono kulifuata ua la majini. Kaka yake mkubwa alimdaka kwa kanzu.

Hakupatwa na dhara, alhamdulillah, lakini Mama aliketi muda mrefu bila kusema neno, mkono wake ukiwa kifuani. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu mzima mwenyewe hawezi kukisia kina kwa kuangalia uso wa maji yaliyotulia, sembuse mtoto. Tangu hapo tumeweka kanuni: kila mtoto hukabidhiwa mtu mzima mmoja kwa jina, na huyo hamwachi mpaka amkabidhi mwingine kwa kutamka. Kuogelea hatukuruhusu, na mwenye kukodi mtumbwi ahakikishe kwanza kuwa kila abiria amevaa jaketi la kuokolea.

Familia za kandokando ya Ziwa Victoria zina tahadhari moja zaidi. Kichocho huenezwa kupitia konokono wa maji baridi, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya anayekanyaga maji. Matembezi ya ufukweni yanatosha. Miguu ibaki nchi kavu.

Swala, chakula na takataka

Tulimaliza mzunguko mapema, tukatandika mikeka nyasini karibu na lango na kula wali na maharage tuliyopika nyumbani. Kwa udhu tulitumia maji ya dumu, hatukushuka ziwani, kwa kuwa ukingo unateleza. Adhuhuri ilipoingia tuliswali jamaa hapo hapo. Kibla cha Arusha ni kaskazini, na ukisimama kukielekea, Mlima Meru huwa mbele yako, kidogo kushoto, kama mawingu yameruhusu.

Kabla ya kuondoka tuliokota takataka zetu zote, na chache zisizo zetu. Ziwa la namna hii halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Kinachotupwa humo hakina pa kwenda. Chupa iliyoachwa leo itamsubiri mjukuu wa aliyeitupa.

Anayebaki nyumbani

Tunaandika haya kwa sababu tunaamini hatuko peke yetu. Aghalabu matembezi katika familia zetu ni ya wenye nguvu. Vijana huenda, baba huenda, na mama hubaki kwa kuwa kuna chakula cha kupika, au kwa kuwa hakuna aliyefikiri kumwuliza. Kisha afya inapotetereka tunashangaa kwamba hajui pa kutembea. Yamkini karibu nanyi kuna ziwa, bwawa au ukingo wa mto wenye njia nyepesi na kivuli. Iulizeni nyumba yenu ni nani hajawahi kufika hapo, na yeye ndiye awe mbele.

Tukiwa kwenye daladala ya kurudi, tulimuuliza Mama kama amechoka. Alisema magoti yanauma kidogo. Kisha akatazama dirishani, upande wa ziwa, ingawa kutoka barabarani halionekani.

"Kumbe miaka yote hii lilikuwa hapa," alisema. Baada ya kimya kifupi akauliza Jumamosi ijayo tutatoka saa ngapi.