Mamba wa Lufira anakariri saa ya kuchota maji

LIKASI, Haut-Katanga – Sehemu ya samaki wanaouzwa katika masoko ya Likasi hutoka ziwa Tshangalele, lililotokea baada ya mto Lufira kuzibwa kwa bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Mto huo una mamba. Wanaotega nyavu wanamjua kwa nguvu na meno yake. Kinachosahaulika ni kumbukumbu yake.

Mamba huvizia pale mawindo yanapozoea kurudi. Mama anayeteremka kuchota maji mahali palepale, saa ileile kila asubuhi, anampa mnyama huyo ratiba. Ndiyo maana wataalamu wanashauri watu wabadilishe mahali na saa, ushauri ambao ni mgumu kuufuata kijiji kinapokuwa na njia moja tu ya kufika mtoni.

Kwa muda mrefu wanasayansi nao waliwaona wanyama watambaao kuwa wajinga. Mara nyingi kosa lilikuwa la maabara yenyewe: kobe na mijusi walipimwa katika vyumba vya baridi, na mnyama anayetegemea joto la nje huzubaa akipoa. Walipopewa joto la kutosha, walifanya vizuri zaidi.

Mwaka 2014, watafiti akiwemo Anna Wilkinson wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walionyesha kwamba mijusi wenye ndevu wa Australia hujifunza kufungua mlango mdogo wa waya kwa kumtazama tu mwenzao akiufungua. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulihusu kobe wakubwa wa Aldabra, jamii ya wale wanaotembelewa na watalii kisiwani Changuu, Zanzibar, pamoja na wenzao wa Galapagos. Walifundishwa kuchagua mpira wa rangi fulani ili wapate chakula. Waliopimwa tena baada ya miaka 9 walikuwa bado wanakumbuka kwamba mpira huwaletea chakula.

Kwa wanaoishi kando ya mto, jambo hili lina uzito. Mamba akishambulia, wengi huomba ahamishwe mbali. Huko Australia walijaribu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, mamba watatu wa maji ya chumvi walibebwa kwa helikopta na kuachiwa mbali na makazi yao. Wote walirudi. Mmoja wao aliogelea zaidi ya kilomita 400, akizunguka rasi nzima ya Cape York, na akafika kwake kwa siku 20.